Winga Aliyemsalimia Beki

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala ukoo wao ulianzia wapi huko juu Newala, na sijawahi kuuliza. Mimi nilimjua akiwa tayari na miguu ile. Nilikuwa na cherehani yangu barazani pale Mkomaindo, mjini Masasi, na kiwanja cha mpira kilikuwa mbele yangu, karibu kiasi kwamba mtu akipiga shuti la hovyo mpira unakuja kulala katikati ya vitambaa vya wateja. Timu ikanipa kazi ya kushona namba kwenye jezi. Yeye nikamshonea kumi na moja. Siku ya pili akanirudishia jezi, eti moja ya upande wa kulia imeinama, inasikiliza umbea wa mwenzake. Nikamwambia aivae hivyo hivyo, na asipotaka acheze kifua wazi. Akaivaa misimu mitatu. Jina lake ninalo, lakini nabaki nalo mwenyewe. Masasi na Newala walimwita Winga, na mimi nitamwita hivyo.

Mpira wenyewe siupendi. Wanaume wazima ishirini na wawili wanahangaika na kitu kimoja, na wake zao wako bondeni wanateka maji ya kuja kuwaogesha. Nilikuwa nayasema hayo kwa sauti, nao walinizoea. Ila Winga akipata mpira pale pembeni kushoto, mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani bila ruhusa yangu. Gauni la bibi harusi mmoja lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa sababu ya kona aliyopiga, ikaingia moja kwa moja golini. Bibi harusi alinuna, bwana harusi alikuwa uwanjani, akanielewa.

Mbio alikuwa nazo, ila hakuzitoa ovyo. Mwalimu wa timu alikuwa anasimama pembeni anapiga kelele, "Kimbia! Kimbia wewe!" Winga anasimama na mpira mguuni, anamgeukia kwa adabu: "Nikimbie nimeona nini, mwalimu?" Basi anangoja. Anangoja mpaka beki achoke kungoja, amfuate, na hapo ndipo anaona cha kukimbilia. Hilo neno lake lilienea mtaani. Ukimtuma mtoto dukani naye anakujibu, "Nikimbie nimeona nini?" Wamama tulimlaani sana kwa hilo.

Lakini kilichompa jina ni salamu. Mabeki wengi wa wakati ule walikuwa watu wazima, wana wake na watoto, wengine wana wajukuu. Winga anakuja na mpira, anamfikia beki ana kwa ana, anainama kidogo na kusema, "Shikamoo, baba." Sasa wewe mtu uliyelelewa, umepewa shikamoo, utafanya nini? Beki anasema "Marahaba," na katika kulisema lile neno kichwa kinakubali chenyewe kidogo, na Winga ameshapita. Nilimwona mzee mmoja wa timu ya Newala akisalimiwa mara tatu katika kipindi kimoja. Inasemekana mechi iliyofuata mabeki wa Newala walikaa kikao wakakubaliana hakuna kuitikia salamu uwanjani. Yule mzee akakataa katakata. Akasema yeye hawezi kusalimiwa akanyamaza, hata wakifungwa kumi. Wakafungwa mbili, zote zimepita kwake, na aliondoka uwanjani kichwa juu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ilianza kuingia kwa marobota, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na korosho, ambazo tulizoea kuzipeleka kwenye chama cha ushirika na kungoja, zikaanza kufuatwa na wafanyabiashara wenye magari yao. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Winga naye alienda kwenye robota la viatu, akachagua kwa haraka asijezidiwa na wenzake, akafika nyumbani na viatu vya mpira vizuri kabisa, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Tukamcheka wiki nzima. Yeye akavivaa vyote viwili, akasema mguu wake wa kulia ulikuwa mzembe na sasa umepata pa kujifunza. Alifunga goli na mguu huo huo Jumapili yake, na sitashangaa kama alijilazimisha ili tu atunyamazishe.

Alikuwa muongo. Nalisema kwa upendo, lakini lisemwe. Alimuua bibi yake mara nne ili akose mazoezi, na mara ya tano bibi mwenyewe akaja uwanjani kumtazama mjukuu, amevaa kanga mpya, na mwalimu wa timu alitoka mbio kabla ya wachezaji wote. Hapo hapo alikuwa mtu asiyegusa cha mtu. Aliwahi kutembea kutoka sokoni mpaka kwangu kwenye jua kali kunirudishia kifungo, kifungo kimoja, kilichonasa kwenye jezi yake. Nikamuuliza kwa nini asingekitupa tu. Akasema, "Mama yangu angejua." Mama yake alikuwa Makote, huko Newala, safari ya siku nzima kwa wakati ule. Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mama yake huyo alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, na Winga, aliyekuwa haogopi beki wala polisi, alikuwa akimwogopa yeye.

Mazoezini alichelewa, kanisani alichelewa, lakini msibani alikuwa wa kwanza. Kwetu huku, koo zina watani wao, na mtani ana kazi msibani. Waliofiwa wanalia, yeye anawachekesha. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikohoa, alivyokuwa akidai chai. Anaweza kuchukua kitu cha wafiwa, kofia au fimbo au hata sufuria lenye nyama, na hakirudi mpaka kikombolewe, labda kwa jogoo. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Winga alizaliwa kwa kazi hiyo. Kwenye mazishi ya mzee mmoja aliingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka mjane amwahidi jogoo, na katika kungoja majadiliano usingizi ukamchukua kweli. Ilibidi wamwamshe ili marehemu apate nafasi. Mjane alicheka mpaka akakaa chini, na aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya aweze kula.

Sasa nifike kwenye lile jambo, maana nimelizunguka vya kutosha.

Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki Makote msimu wa korosho. Ukoo wake na ukoo wa Winga ni watani tangu mababu. Siku mbili kabla ya hapo, nilipokuwa bado Masasi, nilipeleka gunia langu moja la korosho kwa mfanyabiashara aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Mtu mnene, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, mkoba mweusi wa ngozi haumtoki kwapani. Akachukua korosho yangu moja, akaivunja, akaionja, akaitema mbele ya watu wote. "Hizi wapelekee kuku," akasema. Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani na gunia langu, na njia nzima nilikuwa namtengenezea maneno ya kumwambia, na hakuna hata moja lililotosha.

Nafika msibani, namwona yule yule. Marehemu alikuwa mkulima mkubwa, na mfanyabiashara alitaka wakulima wamwone amekuja kuhani. Wafiwa wakampa kiti, akakaa katikati ya wazee wa ukoo, mkoba chini ya kiti. Mimi nilikuwa jikoni na dada zangu, moshi machoni, naonja chumvi. Winga akaja nyuma ya jiko, tayari ameshaigiza kikohozi cha shemeji watu wakavunjika mbavu, sasa anatafuta cha kuteka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Agatha, yule mwenye mkoba ni nani kwao?"

Mimi naujua ukoo wa shemeji yangu wote. Nilijua yule mtu si wao. Nikasema, "Mjomba wa marehemu, wa Dar. Mtani wako huyo."

Sikuwa na mpango. Nilitaka tu nimwone yule mtu akihangaika mbele za watu kama nilivyohangaika mimi. Hilo ndilo lote, na nimelitafutia sababu nyingine miaka yote sijaipata.

Winga akaenda. Akapita kati ya wazee akikohoa kikohozi cha marehemu, akauvuta mkoba chini ya kiti, akakata kushoto. Siku hiyo alikuwa ameona cha kukimbilia. Dereva wa yule mtu akamfukuza kati ya mikorosho, na watu mia wakawa wanashangilia, mimi nikiwa na mwiko mkononi nashangilia kuliko wote. Akamzungusha dereva nyumba mbili, akatokea nyuma ya jiko, akauficha mkoba kwenye mtungi. Nyuma ya jiko kulikuwa na mitungi mitatu. Miwili ilikuwa mitupu. Ule aliouchagua ulikuwa umejaa uraka, pombe yetu ya mabibo, kwa ajili ya wachimba kaburi.

Akarudi, akakaa ukingoni mwa kaburi, akatangaza bei yake: jogoo mwekundu, asiwe na upara. Watu wakacheka. Yule mtu alikuwa amesimama, uso umemvimba. "Mkoba wangu!" akasema. "Nimeibiwa msibani, na nyinyi mnacheka?" Mzee wa ukoo akaacha kucheka. Akamtazama Winga, akamtazama mgeni, akasema taratibu, "Mwanangu, huyu bwana si wetu. Huyu ni mnunuzi wa korosho."

Winga akageuka. Akanitafuta jikoni kwa macho. Nikainamia sufuria.

Waliutoa mkoba unachuruzika. Ndani yake mlikuwa na leseni ya kununulia korosho, wino wote umeoga, na karatasi nyingine zimeshikana. Dereva alikuwa anazibandua moja moja na kuzianika kwenye majani. Mara akacheka peke yake, kicheko kibaya. Akainua karatasi moja, akamuuliza Winga jina lake. Winga akalitaja. "Basi umeiba zako," dereva akasema. Bosi wake alikuwa mfadhili wa timu kubwa ya Dar es Salaam. Alikuwa ametuma watu wakamtazame Winga mara mbili bila yeye kujua, na jioni ile ile, baada ya mazishi, walikuwa waende kwa mama yake na fomu za usajili. Usajili ulikuwa unafungwa wiki hiyo. Nyumba na mshahara vilikuwa vimeandaliwa, na viatu pia, nadhani, cha kulia na cha kushoto.

Winga aliuliza kama fomu haiwezi kukauka. Aliuliza hivyo kweli. Mfadhili akasema hawezi kuwa na mwizi kwenye timu yake, akapanda gari, akaenda polisi.

Walimweka ndani wiki tatu. Wazee wa koo zote mbili walipanga foleni kueleza utani, lakini wote walilazimika kusema pia kwamba mgeni hakuwa mtani. Nilikwenda kumpelekea ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, niliyochemsha mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kaunta, sufuria mikononi, nikamsikia askari akimuuliza ndani: "Nani alikuambia yule ni mtani wako?" Kisha nikamsikia Winga: "Nilijiambia mwenyewe." Nikaacha sufuria juu ya kaunta, nikaondoka. Niliogopa kushtakiwa, niliogopa mume wangu, niliogopa dada yangu aliyekuwa bado na msiba. Niliogopa, basi. Hakimu alimwachia kwa onyo, na kufikia hapo usajili ulikuwa umefungwa zamani.

Watu hawakusubiri hakimu. Timu yetu ikampa namba yake mtu mwingine, na nilishona mimi. Akiingia dukani mwenye duka anasimama. Huko Makote mama yake alijiuzulu uongozi kabla hawajamwambia, akawa anakaa benchi la nyuma kanisani. Winga akarudi kwao kulima, na hakucheza tena. Nilikuwa nasikia habari zake kwa wapita njia: ana mikorosho mizuri, haendi msibani. Hili la pili liliniuma kuliko la mpira.

Miaka ikapita mingi. Mume wangu akatangulia, macho yangu yakaanza kukataa kutunga uzi. Siku moja nimekaa barazani, watoto wanacheza pale pale kiwanjani, mmoja akanyang'anywa mpira kwa ujanja, akapiga kelele, "Mwizi wa msibani wewe!" Mtoto yule hata mama yake hakuwa amezaliwa siku ile. Kwao lilikuwa tusi tu la kawaida. Nikafunga mlango, nikamwambia mwanangu Agatha nakwenda Makote.

Nilimkuta shambani anapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano. Walikuwa majirani sita au saba, wake kwa waume, wanasaidiana shamba kwa shamba, na mashine zinanguruma. Amekuwa wa njano kuanzia nywele mpaka kandambili. Tumbo limekuja mbele kidogo. Akaniona, akainama vile vile.

"Shikamoo, Mama Agatha."

"Marahaba. Usinipite kama beki, nimekuja na neno."

Akacheka, akazima mashine. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu njiani, ikapotea yote. Nikasema, "Yule mgeni. Uliniuliza jikoni nikakwambia mtani wako. Nilijua siye."

Akajifuta uso, salfa ikasambaa zaidi.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu kule ndani. Nilikaa nikafikiri. Mama Agatha anaujua ukoo wa shemeji yake mpaka majina ya mbuzi. Huyu hawezi kukosea mjomba."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Hakuwa anacheka tena. "Kila mlango ukifunguliwa nasema, Mama Agatha huyo. Nikaletewa ming'oko. Nikala. Nikasema haya, leo ameleta ming'oko, kesho ataleta maneno."

Nililia pale pale, mwanamke mzima, kati ya mikorosho ya watu. Nikamwomba msamaha. Akaniacha nilie kwanza, kisha akasema, "Mpira ungeisha tu, Mama Agatha. Sasa hivi ningekuwa na tumbo hili hili, ila niko Dar. Lakini mama yangu yumo ndani. Mpaka leo anajua mwanawe aliiba msibani. Hajanitukana hata siku moja. Ananiombea. Kila asubuhi namsikia ananiombea nisamehewe, na mimi nasimama nje ya mlango nangoja amalize ndipo nimpe maji ya kunawa." Akaweka mashine chini. "Nenda ukamwambie. Ila paza sauti, siku hizi masikio yake mazito."

Mama yake alikuwa amekaa mkekani, ndani karibu na mlango, anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia mwanawe hakuiba, kwamba mimi ndiye niliyemwambia yule ni mtani nikijua siye, kwa hasira ya korosho zangu. Akaendelea kuchambua. Nikakumbuka masikio. Nikasema tena kwa sauti, kila neno, na lilikuwa zito zaidi mara ya pili kwa sababu sasa nilijisikia ninavyolisema.

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. Machozi yakamdondokea kwenye mbaazi, hayafuti.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema. "Masikio yangu hayana kitu, huyo mwanangu ni muongo tu. Lakini wale kule shambani ndio wanaomwita mwizi, na hawajasikia. Simama hapo mlangoni, useme tena."

Nikainuka, nikasimama mlangoni. Mashine zote zilikuwa zimezimwa, na Winga alikuwa ameshawaita majirani wasogee. Nikasema kwa sauti yote niliyojaliwa.